Tathmini ya Google Trends: mia moja isiyosema ni watu wangapi

Jumatatu ya tarehe 5 Septemba 2022, majaji saba wa Mahakama ya Juu ya Kenya, wakiongozwa na Jaji Mkuu Martha Koome, walitupilia mbali kwa kauli moja maombi ya kupinga ushindi wa William Ruto. Siku hiyohiyo chama cha Conservative cha Uingereza kilimtangaza Liz Truss kuwa kiongozi wake mpya. Alhamisi ya tarehe 8, yapata saa nane na nusu mchana kwa saa za Afrika Mashariki, kasri ya Buckingham ilitoa taarifa kwamba madaktari walikuwa na wasiwasi juu ya afya ya Malkia Elizabeth wa Pili, na ilipofika saa mbili na nusu usiku kifo chake kikatangazwa. Jumanne ya tarehe 13 Ruto aliapishwa katika uwanja wa Kasarani, Nairobi. Kesho yake ukatokea ujumbe kwenye ukurasa wake wa Twitter kwamba Kenya imeacha kuitambua Jamhuri ya Kiarabu ya Kidemokrasia ya Sahara, ile inayodai eneo la Sahara Magharibi, ujumbe ambao baadaye uliondolewa.

Ninawafundisha vijana wanaojiandaa kwa kazi ya habari, na kila mwaka ninawarudisha kwenye siku hizo kumi, kwa sababu matukio makubwa ya aina tofauti yalifuatana karibu bila pumziko, na watu walikuwa na simu mikononi. Swali ninalowapa ni moja: watu walitaka kujua nini, na walitaka kukijua lini? Chombo ambacho karibu kila mwandishi hukikimbilia ili kulijibu ni Google Trends, huduma ya bure ya kampuni ya Google iliyofunguliwa mwaka 2006, yenye kumbukumbu za utafutaji zinazoanzia mwaka 2004. Nimekitumia kwa miaka mingi, na hukumu yangu naiweka hapa mapema ili msomaji aipime kwa hoja zinazofuata. Ni chombo bora sana cha kujua lini udadisi uliwaka, ni chombo cha wastani cha kulinganisha jambo na jambo, na hakifai kabisa kujibu swali la watu wangapi, wala la kwa nini. Kwa sisi tunaoandika na kutafuta kwa Kiswahili kina upungufu wa ziada, na huo nitaueleza kwa kirefu kuliko mengine.

Kukitumia ni rahisi. Hakihitaji malipo wala akaunti. Unafungua kivinjari, unaandika neno, unachagua nchi na kipindi, na grafu inachorwa mbele yako. Ukichagua siku saba zilizopita, mstari unaonyesha saa kwa saa; ukichagua miezi michache, siku kwa siku; ukichagua miaka michache, wiki kwa wiki; na ukivuka miaka mitano, mwezi kwa mwezi. Unaweza kulinganisha hadi maneno matano kwa wakati mmoja, unaweza kutenga utafutaji wa picha, wa habari au wa YouTube, na unaweza kupakua takwimu zote katika faili la jedwali ukazifanyia hesabu zako mwenyewe. Kwenye kompyuta yote haya ni mepesi. Kwenye simu, mistari mitano ya rangi iliyobanana katika kioo kidogo inachosha macho, na kugusa siku moja kwa ncha ya kidole bila kugusa ya jirani yake kunataka subira.

Tatizo la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote, ni namba iliyoandikwa pembeni mwa grafu. Wanafunzi wangu wengi, na baadhi ya wahariri niliofanya kazi nao, huisoma mia moja kama asilimia, au kama mia moja ya kitu fulani kinachohesabika. Sivyo ilivyo. Google huchukua sampuli ya utafutaji, ikaondoa maswali yanayorudiwarudiwa na mtu mmoja ndani ya muda mfupi, kisha ikagawa utafutaji wa neno lako kwa utafutaji wote uliofanyika mahali hapo kwa wakati huo. Baada ya hapo, sehemu ya juu kabisa katika kipindi ulichochagua inapewa mia moja, na nyingine zote zinapimwa kwa kulinganishwa na hiyo. Maana yake ni kwamba kila neno likitafutwa peke yake hupata mia moja yake. Tafuta habari za Mahakama ya Juu nchini Kenya kwa siku hizo kumi, utapata mia moja. Tafuta malkia, mia moja. Tafuta kuapishwa, mia moja. Mwanafunzi akiziweka grafu hizo tatu sambamba kwenye makala, msomaji ataondoka akiamini kwamba Wakenya walivutiwa kwa kiasi kilekile na mambo yote matatu, ilhali mia moja hizo hazihusiani hata kidogo.

Dawa yake ni kuyaweka maneno yote katika grafu moja, ili yagawane kipimo kimoja. Mimi huongeza pia neno la kulinganishia, yaani neno la kila siku ambalo watu hulitafuta katika wiki yenye habari na katika wiki tulivu. Lisiwe jina la mtandao mkubwa kama Facebook, kwa maana litayalaza maneno mengine yote chini hadi yaonekane kama mstari wa ardhi. Likiwa la wastani, kama jina la gazeti linalosomwa sana, litakupa kimo cha kupimia. Hapo ndipo unaweza kusema kwa haki kwamba usiku ule neno fulani lilitafutwa mara kadhaa zaidi ya jina la gazeti hilo, na msomaji akaelewa.

Kwa kuwa hesabu ni ya sehemu ya utafutaji wote, lipo jambo jingine linalowapotosha wengi. Mstari unaweza kushuka hata pale ambapo idadi ya waliotafuta neno hilo imebaki palepale, ikiwa tu wengine wameingia mtandaoni kwa wingi kutafuta jambo jipya. Usiku wa kifo cha malkia, mtu aliyekuwa bado anatafuta uchambuzi wa uamuzi wa mahakama hakuacha kuwa na hamu. Amefunikwa na wengi waliokuja kutafuta jingine. Ramani nayo hufuata hesabu hiyohiyo: huonyesha mahali ambapo neno lilichukua sehemu kubwa ya utafutaji wa hapo, bila kujali idadi, hivyo kaunti yenye watu wachache kama Lamu inaweza kuwekwa juu ya Nairobi. Mwandishi anayeandika kwamba kaunti fulani "iliongoza kwa kutafuta" anapaswa kuongeza maneno machache ya kueleza imeongoza kwa kipimo gani.

Sasa niseme ubora wake, kwa sababu ni wa kweli. Katika kupima saa, sijaona chombo kingine cha bure kinachokikaribia. Wiki kama ile ya Septemba inapopita mbele yako, na ukiifuatilia ikiwa bado ndani ya zile siku saba za saa kwa saa, unaweza kuona udadisi ukitembea kama mwenge unaopokezwa. Mfano mzuri ni ile taarifa ya kasri ya mchana na tangazo la usiku: ni habari mbili, zenye saa sita kati yake, na mhariri wa redio anayetaka kujua kama wasikilizaji wake waliikamata habari tangu mchana au waliamshwa na tangazo la usiku anapata jibu ambalo zamani lingehitaji kuwatuma watu mitaani na madaftari. Jibu hilo lina thamani ya kikazi. Linamwambia ni saa ngapi aandae maelezo ya msingi, na ni lini habari imekwisha kuchosha watu.

Lakini hebu tubaki na malkia kidogo, maana ndiye anayeonyesha kwa uwazi zaidi mahali ambapo grafu hunyamaza. Kwa Mkenya, jina la Elizabeth lina historia ndefu. Tarehe 6 Februari 1952, baba yake Mfalme George wa Sita alipofariki, yeye alikuwa Kenya. Alikuwa amelala Treetops, ile hoteli ya juu ya miti karibu na Nyeri, na habari alizipata Sagana. Kabla mwaka huohuo haujaisha, tarehe 20 Oktoba, serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari dhidi ya Mau Mau, na yaliyofuata katika kambi za vizuizi ndiyo yaliyoifanya serikali ya Uingereza mwezi Juni 2013 ikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa. Kwa Mtanzania pia si mgeni kabisa: Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, alibaki kuwa mkuu wa nchi kwa mwaka mmoja hadi ilipokuwa jamhuri. Basi fikiria watu wanne waliokaa na simu usiku ule. Mmoja anatafuta kwa majonzi, mwingine anatafuta habari za Treetops kwa sababu nyumbani kwao ni Nyeri, wa tatu anatafuta kujua kama bendera zitashushwa nusu mlingoti, na wa nne ni mjukuu wa mfungwa wa Mau Mau anayetafuta kwa hasira. Wote wanne wameandika jina moja. Grafu imewajumlisha kuwa mlima mmoja, na asubuhi yake kuna mtu aliyeandika kwamba Afrika Mashariki inaomboleza, na kuna mwingine aliyeandika kwamba Afrika Mashariki imekasirika, na kila mmoja ameweka mlima uleule chini ya kichwa chake cha habari.

Ndiyo maana ninasisitiza kwamba sehemu yenye manufaa zaidi katika huduma hii iko chini ya grafu, pale kwenye orodha ya maswali yanayohusiana, ambako wengi hawashuki. Hapo unaona maneno ambayo watu waliyaambatanisha na jina, na maneno hayo ndiyo yanayokaribia nia. Orodha yenyewe ina sura mbili. Moja hupanga yaliyotafutwa zaidi, na nyingine hupanga yaliyokua kwa kasi. Katika hii ya pili, neno lililoongezeka kwa zaidi ya asilimia 5,000 haliandikiwi asilimia tena, bali hupewa alama ya kuwa limelipuka. Mtu asiyejua hudhani kwamba neno lililolipuka ndilo lililotafutwa na wengi. Kwa kawaida ni kinyume: neno hulipuka kwa urahisi zaidi likiwa lilianzia karibu na sufuri. Sahara Magharibi ni mfano unaotosha. Kabla ya tarehe 14 Septemba, ni Wakenya wachache waliokuwa na sababu ya kutafuta nchi hiyo katika siku ya kawaida, ingawa rais wake, Brahim Ghali, alikuwa amehudhuria sherehe za Kasarani siku moja kabla. Neno la aina hiyo likitafutwa ghafla na watu elfu chache hupanda hadi kileleni mwa orodha ya kasi, huku jina la rais mpya, lililokuwa likitafutwa na kila mtu tangu mwezi uliotangulia, likionekana kana kwamba halina jipya. Hata zile orodha za mwisho wa mwaka ambazo Google huzitoa kwa Kenya hufuata kasi ya kupanda zaidi kuliko wingi, na ndiyo sababu huwezi kukuta humo maneno ambayo watu huyatafuta kila siku ya Mungu.

Nije kwenye Kiswahili. Google Trends ina njia mbili za kupokea unachotafuta. Njia ya kwanza ni neno lenyewe kama lilivyoandikwa; ya pili ni mada, ambapo mfumo hukusanya pamoja majina na tahajia za lugha mbalimbali zinazohusu kitu kimoja. Kwa mtu mashuhuri kama malkia, mada inafanya kazi vizuri, kwa sababu aliyeandika "Queen Elizabeth" na aliyeandika "Malkia Elizabeth" huhesabiwa pamoja. Ni kosa la kizembe kutumia neno la Kiingereza peke yake kisha kutangaza kwamba Watanzania hawakujali, na kosa hilo nimeliona likirudiwa na watu wenye elimu ya kutosha.

Ukitumia neno lenyewe, mfumo hauunganishi umoja na wingi, wala hausahihishi tahajia, wala haujui visawe. Katika Kiingereza hasara ya hilo ni ndogo, kwani neno hubadilika mwishoni kwa herufi moja au mbili. Katika Kiswahili hasara ni kubwa mno, kwa sababu lugha yetu hujengwa kwa viambishi vinavyokaa mbele. Mtu anayetaka kujua habari za kiapo cha rais anaweza kuandika kuapishwa, anaapishwa, ameapishwa, aapishwa kama magazeti yanavyoandika, au kaapishwa kama watu wanavyozungumza, na kwa chombo hiki hayo ni maneno matano yasiyojuana. Jaji si majaji. Mgombea si wagombea. Udadisi wa watu walewale hukatwa vipande vitano, kila kipande kikiwa kidogo kiasi cha kushuka chini ya kiwango ambacho Google hukionyesha, na kilicho chini ya kiwango hicho huandikwa sufuri. Kisha mtafiti aliyekaa mbali anaitazama sufuri hiyo na kuhitimisha kwamba watu wa Afrika Mashariki hawatafuti habari za nchi zao kwa lugha yao. Jambo hili linaniuma, na silioni kuwa dogo, kwa sababu hitimisho la namna hiyo huweza kumfanya mtu aamue kwamba hakuna haja ya kuandika maelezo ya uchaguzi, ya afya au ya sheria kwa Kiswahili.

Ipo njia ya kupunguza hasara, nayo ni alama ya kujumlisha. Ukiyaandika maneno yote katika kisanduku kimoja ukiyatenganisha kwa alama hiyo, mfumo huyajumlisha kuwa mstari mmoja, na unaweza kuweka hadi maneno 25. Kazi ya kuyafikiria maneno hayo inabaki kwako, na ni kazi nzuri ya darasani: ninawapa wanafunzi tukio moja na kuwaomba waandike kila namna ambayo mama yao, kaka yao na mwalimu wao wangelitafuta. Wanafunzi wa Mombasa, wa Nairobi na wa Dodoma hawaleti orodha zinazofanana, na tofauti hizo zenyewe ni somo.

Maneno yenye maana nyingi nayo yanahitaji uangalifu wa pekee. Mwaka 2022 Mkenya aliyeandika "Azimio" alikuwa, kwa uwezekano mkubwa, anautafuta muungano wa Raila Odinga. Mtanzania aliyeandika neno hilohilo anaweza kuwa mwanafunzi wa kidato cha pili anayesoma Azimio la Arusha la mwaka 1967 kwa ajili ya mtihani. "Uhuru" ni gumu zaidi. Katika wiki ile lilikuwa jina la rais aliyekuwa anakabidhi madaraka, lakini ni pia sikukuu za kitaifa, ni Mwenge wa Uhuru, na ni kilele cha Kilimanjaro. Alama ya kutoa husaidia kuondoa maana usiyoitaka, kwa mfano kwa kuandika azimio na kutoa arusha, na alama za nukuu husaidia kushika fungu la maneno kama lilivyo. Hata hivyo, hakuna alama itakayokutofautishia Uhuru mtu na uhuru neno. Hapo inabidi uchague mada, au uchague jina kamili, na ukubali kwamba wengi waliotafuta kwa jina moja wamekuponyoka.

Kwa nini nashikilia sana habari ya kusoma vibaya? Kwa sababu kosa lake huwaangukia watu. Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza walipiga kura ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, asilimia 51.9 dhidi ya 48.1. Siku iliyofuata, akaunti ya Google Trends ilieleza kwamba swali la pili kwa kuulizwa nchini Uingereza kuhusu Umoja huo, tangu matokeo yalipotangazwa, lilikuwa: Umoja wa Ulaya ni nini? Magazeti ya dunia nzima yakalibeba hilo na kusema kwamba taifa limepiga kura bila kujua linapigia nini. Rudi kwenye hesabu tuliyoieleza hapo juu uone kilichokosekana. Nafasi ya pili katika orodha ya maswali haisemi kama waliouliza ni mamilioni au ni mamia. Haisemi kama walikuwa wapiga kura, au watoto wa shule waliosikia wazazi wakibishana mezani, au wageni waliotaka kujua hatima ya vibali vyao vya kuishi. Haisemi kama walipiga kura ya kubaki au ya kuondoka. Waliopiga kura walikuwa zaidi ya milioni 33, na hakuna namba yoyote iliyotolewa ya kuweka pembeni mwa hiyo. Kwetu tunasema kuuliza si ujinga, na ni jambo la kusikitisha kwamba watu waliofanya kitendo cha busara, yaani kutafuta maelezo baada ya habari kubwa, waligeuzwa kuwa kielelezo cha taifa lisilojua.

Google yenyewe ilijifunza jambo linalofanana na hilo kwa gharama. Mwaka 2008 ilianzisha huduma ya kukadiria mafua nchini Marekani kwa kutazama maneno ambayo watu wanayatafuta, na katika msimu wa 2012 hadi 2013 makadirio yalipita kwa mbali hesabu za mamlaka ya afya. Sababu moja inayotajwa ni kwamba watu wasioumwa walikuwa wakitafuta habari za mafua kwa sababu vyombo vya habari vilikuwa vikizungumzia mafua. Makadirio hayo yaliacha kutolewa mwaka 2015.

Kwa yule anayetaka idadi, kipo chombo cha pili ambacho mimi hukifungua sambamba, nacho ni kile cha kuhesabu usomaji wa kurasa za Wikipedia, kiitwacho Pageviews Analysis. Hiki hutoa namba halisi: ukurasa fulani, katika lugha fulani, ulifunguliwa mara ngapi siku fulani, kuanzia Julai 2015 hadi jana. Hutenga lugha, hivyo unaweza kuangalia makala za Kiswahili pekee, na hutenga usomaji wa watu na ule wa programu zinazojiendesha. Upungufu wake ni kwamba hakikuonyeshi msomaji yuko nchi gani, kwa hiyo aliyesoma makala ya Kiswahili kuhusu malkia akiwa Muscat au Minnesota amehesabiwa pamoja na wa Morogoro; na mara elfu moja za kufunguliwa si watu elfu moja. Pamoja na hayo, namba yake ni namba. Ukikuta kilele cha Google Trends na kilele cha Wikipedia vimeangukia siku moja, una sababu ya kukiamini. Na ukikuta kimoja kimepanda bila mwenzake, una sababu ya kuchunguza zaidi kabla ya kuandika.

Yapo pia ambayo hakuna chombo kati ya hivi viwili kinachoyaona. Aliyeuliza jirani, aliyesikiliza redio akiwa shambani, aliyetuma swali kwenye kundi la familia la WhatsApp, aliyetafuta ndani ya TikTok, na yule ambaye kifurushi chake cha intaneti kilikwisha saa moja jioni kabla ya tangazo la saa mbili na nusu, hao wote hawamo katika mstari. Katika nchi zetu hao ni wengi, na makala inayosema "watu walitafuta" ingekuwa ya kweli zaidi ikisema "watu waliotafuta Google".

Onyo la mwisho la kiufundi linahusu sampuli. Kwa kuwa hesabu hutoka katika sampuli, swali lilelile likiulizwa leo na likiulizwa kesho linaweza kuleta namba zinazotofautiana kidogo, na kwa maeneo yenye utafutaji mchache tofauti huwa kubwa zaidi. Ninawataka wanafunzi wapakue faili siku ileile wanayofanya kazi, waandike tarehe na saa juu yake, na warudie upakuaji huo angalau mara tatu kwa siku tofauti kabla ya kudai kwamba mkoa mmoja umeupita mwingine kwa pointi nne au tano. Anayepuuza hatua hii kwa data ya Tanzania au ya Burundi anajenga juu ya mchanga.

Kenya itapiga kura tena mwezi Agosti 2027. Faili langu la maandalizi nimekwisha kulianza: safu ya kwanza ina majina ya mada, ya pili ina neno la kulinganishia, na ya tatu, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, ina maneno ya Kiswahili katika kila umbo nililoweza kulikusanya, kura na kupiga kura, amepiga, wamepiga, kituo na vituo, matokeo, mshindi, nani ameshinda, nani kashinda, yote yakiwa yameunganishwa kwa alama ya kujumlisha, tayari kwa usiku ambao hakutakuwa na muda wa kuyafikiria.